Lazanya ya Kidari

Mara ya kwanza kupewa lazanya niipike, niliikaanga kama papadi.

Subirini kwanza, msicheke. Chekeni nikimaliza, mtakuwa na mengi zaidi ya kucheka. Ilikuwa ndani ya boksi, vibao vyembamba vya unga, vya njano, vikavu, vimepangwa vizuri kama vigae. Mama Giulia, Mtaliano mwenye nyumba ya wageni kule Sekei, Arusha, aliniwekea mezani, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Anaeli, hii ya leo," kisha akachukua kikapu akaenda sokoni. Mimi nikavitazama vile vibao, navyo vikanitazama. Nilikuwa nimewahi kuona papadi katika duka la Mhindi pale mjini. Nikajiambia, kumbe hata Wataliano wanazo, ila zao ni za pembe nne. Nikabandika karai, nikamimina mafuta, nikakaanga.

Zilitoka za kahawia, zimejikunja kama magome ya mti. Nikazipanga kwenye sahani kubwa, kachumbari pembeni, ndimu juu, kwa madaha yote niliyokuwa nayo. Mgeni wa kwanza kuonja alikuwa Mjerumani aliyetoka kushuka mlimani akiwa na njaa ya simba. Aliuma. Sisi wa jikoni tulisikia mlio.

Mama Giulia aliporudi alikuta sahani imejaa na wageni wamehamia kwenye ndizi mbivu. Akaketi kwenye kigoda, akajifunika uso kwa aproni, mabega yakawa yanatikisika. Nilijua nimefukuzwa kazi, nikaanza hata kuvua kofia. Kumbe mama wa watu alikuwa anacheka mpaka machozi. Alipopata pumzi akaniambia, huku akilaza kiganja kimoja juu ya kingine, "Hii haikaangwi. Hii inalala. Mchuzi, hii. Mchuzi, hii. Unailaza, unaifunika, kama mtoto."

Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu ya chuo cha upishi. Yaliisha ndani ya dakika moja.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaosomea kazi hii sasa, wenye kofia ndefu nyeupe na visu vyenu vya kukunjwa kwenye kitambaa. Mnapita hapa kwangu, mnasimama getini, "Shikamoo mzee," na kabla sijamaliza kuitikia marahaba mmeshauliza, "Mzee, siri ni nini?" Siri hakuna, wanangu. Kuna kuunguza, kuna kumwaga, kuna kuomba radhi. Mtu anayewaambia ana siri anataka muendelee kumsalimia.

Mjue pia kwamba sikuingia jikoni kwa mapenzi. Niliingia kwa sababu mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walikimbilia kubeba mizigo ya watalii kwenda juu, wengine wakawa waongoza wageni, wakajua Kifaransa na majina ya ndege. Mimi huu Mlima Meru nimeutazama kila asubuhi ya maisha yangu na sijawahi kuona sababu ya kuufuata. Upo, nauona, inatosha. Nilitafuta kazi yenye paa, moto na mahali pa kuketi, nikaipata kwenye kantini ya kiwanda kimoja cha serikali. Nikasonga ugali kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, nikapika maharage kwenye pipa, nikajiona nimefika.

Halafu yakaja mageuzi. Ninyi mmeyasoma darasani, sisi yalitukuta kazini. Madukani vitu vikajaa ghafla: siagi ya kopo, tambi za kila umbo, nyanya zilizosagwa na kutiwa kwenye makopo kana kwamba Arusha hatuna nyanya. Na kiwanda kikauzwa. Tukaitwa uwanjani, tukaambiwa "tumepunguzwa". Neno gani hilo! Kama nywele. Nikarudi nyumbani Daraja Mbili nimepunguzwa, mke wangu Mama Neema akanitazama akasema, "Kwa hiyo sasa utakuwa unashinda humu?" Wiki haikuisha, yeye mwenyewe akawa amesikia kanisani kwamba kuna Mtaliano Sekei anatafuta mpishi, akanisukuma nje na shati lililopigwa pasi. Ndivyo nilivyofika kwenye zile papadi.

Sasa kazi yenyewe, kwa wale wanaotaka kujifunza na si kucheka tu.

Vile vibao vya boksi vilikuwa vinaisha. Vikiisha, hujui vitakuja lini tena. Siku moja Mama Giulia akasema tutengeneze wenyewe: unga wa ngano, mayai, chumvi kidogo, basi. Akaanza kusukuma kwa chupa tupu. Nilimwangalia nikamwonea huruma. Nikaenda nyumbani nikachukua kifimbo cha Mama Neema cha kusukumia chapati, nikarudi, nikasukuma. Hapo ndipo nilipopata heshima yangu ya kwanza pale jikoni, na sitasema nilikuwa mnyenyekevu. Mtu aliyekulia kwenye chapati anajua unga unapumua lini na unakasirika lini. Ukikandwa, uache upumzike chini ya kitambaa kibichi. Ukiulazimisha mapema unajivuta na kurudi nyuma. Sukuma mpaka ukiweka kiganja chini yake uone kivuli cha vidole. Mzito kuliko hapo, umepika chapati ya kuchemsha.

Mchuzi mweupe ulinitesa. Siagi, unga, maziwa. Watoto wa shule ya vidudu wangeweza. Mimi nilimwaga maziwa yote kwa mkupuo, nikapata uji wa mabonge ambao hata kuku wa jirani waliufikiria mara mbili. Kaanga unga kwenye siagi, usibadilike rangi, ukianza kunukia kama biskuti ndipo uanze maziwa, ya vuguvugu, kidogo kidogo, na mwiko usisimame. Simu ikilia, iache ilie. Sisi hatukuwa na simu na bado tuliunguza.

Jibini pia haikuwa ya kuagiza tu dukani kama mnavyoagiza ninyi. Tuligandisha maziwa yetu wenyewe: yachemshe, kamua ndimu, yakatike, chuja kwenye kitambaa, ning'iniza usiku kucha. Asubuhi una kitu cheupe, laini, kinachokaa vizuri kati ya tabaka na tabaka. Ile ngumu ya kukwangua juu tuliitumia kwa uchoyo, kama marashi.

Na nyama iliyosagwa isiwe kavu. Hili lishikeni, maana ndilo lililoniponza. Nyama isiyo na mafuta inakuwa kama mchanga ndani ya lazanya.

Kisha ukaja mgao wa umeme. Oveni ya Mama Giulia ilikuwa kubwa, ya kung'aa, yenye vitufe, na ikawa kabati. Wageni wanane mezani na oveni baridi. Hapo niliokolewa na Mama Nasra.

Mama Nasra alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta pale Daraja Mbili, mtu wa Tanga, mjane, ana sauti ya kumwamsha jogoo. Aliishi kwa kuoka mikate midogo aliyoiita boflo, na hakuwahi kumiliki oveni maisha yake yote. Alikuwa na sufuria nene, mchanga kidogo chini, mfuniko wa bati, na makaa. "Makaa mengi juu, machache chini," alinifundisha. "Chini panajipikia penyewe. Juu ndipo panapotaka kubembelezwa. Na usifunue funue, unachungulia nini, harusi?" Nilienda Sekei na sufuria mbili na gunia la makaa, nikapika lazanya nyuma ya nyumba chini ya mti wa parachichi, na ilitoka juu imebabuka vizuri, rangi ya dhahabu, pembeni inatokota. Mama Giulia aliizunguka akinusa. Tangu siku hiyo hata umeme ukiwepo alikuwa ananiuliza, "Makaa yapo?" Mnaona ninavyotabasamu ninapoandika hapa. Nina haki.

Boflo za Mama Nasra ndizo tulizotumia kwa mkate wa kitunguu saumu. Unaukata vipande bila kufika chini, ushikane kama kitabu. Kitunguu saumu unakitwanga na chumvi, unachanganya na siagi na majani ya giligilani, unapaka kila ukurasa, unafunga, unarudisha motoni. Mara ya kwanza niliweka vitunguu saumu kwa kipimo cha moyo wangu. Mama Nasra alipita mlangoni akaziba pua kwa khanga. "Baba Neema, unapika au unafukuza majini?"

Basi. Mmejifunza vya kutosha. Sasa nawapeleka kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Baba yangu alikuwa anaishi mlimani, juu ya kijiji cha Maji ya Chai, ndani ya migomba na kahawa, kwenye kihamba cha baba yake. Kihamba ni ile ardhi ya nyumbani, yenye makaburi na mashina ya ndizi ambayo hakuna anayekumbuka aliyapanda nani. Mimi ndiye mtoto wake wa mwisho wa kiume. Kwetu, wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi, na kihamba kinabaki naye. Nilipokuwa kiwandani baba alinivumilia, kwa sababu kiwanda kilikuwa cha serikali na kina king'ora. Lakini aliposikia kiwanda kimeuzwa, na mwanawe badala ya kurudi nyumbani ameenda kumpikia mwanamke wa Kizungu, uvumilivu uliisha.

Kwanza alimtuma Baba Mdogo, mdogo wake wa kumfuata, Emanueli. Baba Mdogo alifika kwangu, akanywa chai yote, akasema, "Wenzako wanapata kazi za wanaume, wewe unasonga. Kaka yangu amezeeka. Wanunuzi wapya wa kahawa wanakuja hadi mlangoni na mizani zao, nani atasimama nao? Jumapili anakuja mwenyewe. Atakula kwako, kisha atasema neno lake. Ukikataa kurudi, kihamba tutampa mwanangu."

Ndiyo hivyo. Mama Giulia alikuwa ameshaniambia anataka kuniajiri moja kwa moja, si kibarua tena. Na mimi nisingeweza kumjibu ndiyo bila neno la baba. Msinicheke, ninyi mnaohama mji kwa ujumbe wa simu. Kukaa mjini huku baba hajaridhia ni kuchuma kazi yenye mwiba ndani. Ningeipika lazanya kila siku nikijua kuna mzee mlimani anasema sina baba.

"Mpikie ugali na nyama choma," akasema Mama Neema. "Ashibe, moyo ulainike."

"Ugali anakula kila siku," nikamjibu. "Anakuja kunitoa kwenye kazi asiyoijua. Na aionje kwanza."

"Utamuonjesha mzee chakula cha tabaka tabaka?"

"Nitamuonjesha."

"Haya. Mimi nitakuwa nasali."

Na kweli Jumapili asubuhi akaenda kanisani na Neema, akaniacha na jiko. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Unga umepumzika. Maziwa yameganda. Nyama ya ng'ombe nimeinunua buchani jana yake, na nilipoifungua moyo ukanyong'onyea: nyekundu tupu, kavu, haina hata uzi wa mafuta. Nikiwa nimesimama nayo hivyo, hodi. Kijana mmoja wa kwetu aliyekuwa anapita mjini akaniletea kifurushi cha majani ya mgomba. "Mzee amesema hii ni ya jioni," akasema, akaondoka zake.

Nikafungua. Kidari cha kondoo. Kizima, kinene, mafuta meupe yamekikumbatia kama shuka.

Sasa nisikilizeni. Mwana wa kwetu yeyote, hata aliyelelewa na bibi kipofu, anajua kidari ni nini. Kondoo akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe. Mbavu zina wenyewe, mgongo una wenyewe, shingo ina wenyewe, watoto wanagombania utumbo. Kidari ni cha mzee wa nyumba. Anakabidhiwa kikiwa kizima, kimechomwa, anakishika mbele ya watu wote waone kwamba bado yuko na bado ni wa kwanza. Baba alikuwa akipewa anakikata kipande kidogo, anakisifu, kisha anakifunga kwenye jani na kusema atakimalizia baadaye, na baadaye wajukuu ndio waliokimalizia. Tukasema, mzee wetu ana roho nzuri. Kukituma kidari nyumbani kwangu ilikuwa ni kuniambia: jioni nitakaa kwako kama baba, na wewe utanihudumia kama mwana.

Yote hayo niliyajua. Lakini asubuhi ile sikuwa mwana, nilikuwa mpishi mwenye nyama kavu. Nilitazama yale mafuta nikasema kwa sauti, "Asante Mungu!" Nikafunga mashine ya kusagia kwenye ukingo wa meza, nikatenganisha nyama na mfupa, nikasaga kidari cha baba yangu pamoja na ya bucha, nikizungusha mkono wa mashine na kuimba pambio.

Mama Neema alirudi nyama ikiwa imeshaiva kwenye nyanya. Akanusa, akafurahi. Kisha akaona mfupa juu ya meza.

"Baba Neema, huu mfupa wa nini?"

"Wa kidari. Baba ametuma."

"Kidari chenyewe kiko wapi?"

Nikanyoosha mwiko kuelekea kwenye sufuria. Na nilipokuwa nanyoosha ndipo akili ilipoanza kurudi, taratibu, kama mtu anayerudi kutoka safari ya mbali.

"Umekikatakata?"

"Nimekisaga."

Akaketi pale pale sakafuni na nguo zake za kanisani. "Umesaga kidari cha baba mkwe," akasema. "Umemsaga mzee. Mimi nitamwangaliaje?"

Tulijadili yote. Kununua kingine? Siku hiyo bucha zote zilikuwa na ng'ombe tu, na baba kondoo wake anamjua kama mnavyowajua ninyi wachezaji wa mpira. Kusema mbwa alikula? Hatukuwa na mbwa. Mama Neema alisema tuazime wa jirani, na sikujua kama anatania. Mama Nasra aliingia katikati ya mjadala na kapu la boflo, akaelezwa, akajipiga mapaja kwa makofi. "Wewe mwanamume! Sasa mpelekee huo mfupa mezani, angalau ajue hamkuuza."

Nikafanya hivyo hivyo. Sikuwa na wazo lingine. Nikalaza tabaka, nikafunika, nikabandika makaa juu, nikachemsha ule mfupa kwa chumvi, na jioni ilipofika nilikuwa nimelowa jasho kama mtu aliyepanda mlima nisioupanda.

Baba alikuja na Baba Mdogo, fimbo mkononi, koti la suti juu ya sweta. Tukaamkiana. Akaketi kwenye kiti chetu chenye mto. Baba Mdogo kando yake, mimi kwenye kigoda, Mama Neema na mtoto kwenye mkeka karibu na mlango, na Mama Nasra hapo hapo mlangoni, maana Mama Neema alimng'ang'ania abaki ili asibaki peke yake na balaa. Nikaweka sinia la lazanya mezani. Nikaweka mkate wa kitunguu saumu. Nikaweka sahani yenye mfupa mtupu.

Baba aliutazama ule mfupa.

"Anaeli, kidari nilichotuma kimefika?"

"Kimefika, baba."

"Kiko wapi?"

"Kimo humo, baba."

"Humo wapi?"

"Kila mahali, baba."

Baba Mdogo akacheka, si kicheko cha furaha. "Kila mahali! Kwa hiyo huyu mtoto wa miaka mitano naye anakula kidari? Na wanawake? Kaka, unaona? Mji umemwondolea haya. Ndiyo maana nilisema turudi naye leo leo."

Baba akanyanyua mfupa, akaugeuza, akaupapasa kwa kidole gumba. "Ni wenyewe," akasema. "Wa yule kondoo mwenye baka." Akaurudisha. Nikamkatia kipande cha katikati, kwa sababu kama kuna kidari ndani ya lazanya basi ni pale, nikakiweka kwenye sahani yake kwa mikono miwili. Kile kipande kilisimama, wanangu, tabaka zote zinahesabika, hakikuporomoka. Hata katika hofu ile nilikiona, nikasema moyoni, angalau nimefukuzwa nikiwa fundi.

Baba akaonja. Akaonja tena. Akachukua kipande cha mkate, akakichovya kwenye mchuzi kikalowa, akala. Baba Mdogo alikuwa bado anakizungusha chake kwa uma kama anayetafuta sindano. Baba akamaliza, akafuta sahani kwa mkate, akaisogeza mbele.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza.

"Kaka," Baba Mdogo akaanza, "lakini heshima ya kidari..."

"Emanueli, kula. Chakula kinapoa."

Sijawahi kumwona baba akila hivyo. Alikula taratibu, bila kusema atakimalizia baadaye, bila jani la mgomba, na alipofika mwisho alifumba macho kidogo kama mtu anayesikiliza wimbo wa zamani. Kisha akajipangusa mdomo, akanitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nipunguzwe.

"Huyo mama wa Sekei, anakupa ruhusa Jumamosi?"

"Jumamosi moja moja, baba. Nikimwomba."

"Mwombe. Jumamosi hizo uje nyumbani na hiyo sufuria yako. Kondoo nitakuwa nachinja mimi. Siku nyingine, kaa na kazi yako."

"Na kihamba?" Baba Mdogo akauliza kwa sauti ndogo.

"Kihamba kipo pale pale mlimani. Kuna siku umekiona kinasafiri?" Akageuka kwangu. "Ni cha Anaeli. Wewe utamsaidia na hao wanunuzi wa mizani, si ndio unaopenda kuongea nao?"

Mama Neema aliinama akajifanya anamfuta mtoto mdomo. Mimi nikatoka nje kwenda kuangalia makaa ambayo yalikuwa yameshazimika.

Kesho yake nilimwambia Mama Giulia ndiyo, na nikabaki jikoni kwake mpaka aliporudi kwao, na baada yake kwenye majiko mengine, mpaka magoti yalipokataa. Na Jumamosi nilipanda na sufuria yangu mpaka juu, mwaka baada ya mwaka, mpaka tulipomzika baba. Hiyo ndiyo lazanya iliyonipa ruhusa. Wenzenu wana vyeti ukutani, mimi nina hiyo.

Ila asubuhi ile ya Jumatatu, kabla sijaenda Sekei, nilisimama uani nikiwa na kidevu juu. Mama Nasra alikuwa anawasha makaa yake. Jana yake hakugusa lazanya, kwa kuwa kondoo alikuwa amechinjwa na sisi Walutheri. Alikula mkate tu na chai, akatulia mlangoni anatazama. Nikaanza kumsimulia kana kwamba hakuwepo: jinsi mchuzi ulivyoshika, jinsi kipande kilivyosimama, jinsi ufundi wa mkono wangu ulivyomshinda mzee wa Kimeru mwenye msimamo kuliko mlima wenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akipepea makaa. Kisha akasema, nanukuu neno kwa neno:

"Baba Neema, acha kujisifu, utachelewa kazini. Mimi nyama sikula, nilikuwa na nafasi ya kutazama midomo ya watu. Mzee wako hana gego hata moja. Miaka yote hiyo mmekuwa mnampa heshima asiyoweza kuitafuna, na ninyi watoto wake hamna hata mmoja aliyemchungulia kinywani."